Mlango wa Nyumbani Nimeugeuza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua siku za mvua.

Tangu uliponieleza kwenye simu kwamba hapo kikosini mmeshinda wiki nzima mkijifunza kuvamia nyumba yenye mtu mwenye silaha, kwa kuingia mlangoni, nimekuwa nikicheka peke yangu karakanani. Miaka arobaini natengeneza milango, leo serikali inamlipa binti yangu ajifunze kuivunja!

Ulisema mnaanza polepole, bila risasi, mmejipanga mstari mmoja, mkono kwenye bega la aliye mbele. Wa kwanza anakwenda kona yake, wa pili kona ya upande mwingine, na hakuna kusimama kizingitini, kwani pale mwanga wa nje unakuanika kwa aliye ndani. Na kidole kinanyooshwa ubavuni mwa bunduki, hakigusi kifyatulio mpaka umeona unayempiga ni nani. Hilo la kidole nimelipenda. Hata mimi, kijana mgeni akishika patasi namtazama vidole kabla ya kutazama mbao.

Sasa sikia la fundi. Mlango utazame kabla hujaugusa. Bawaba zikionekana, unafunguka upande wako. Zisipoonekana, unafunguka ndani. Nyumba zetu hapa nyingi zina grili ya chuma inayofunguka nje, ndipo ufike mlango wa mbao. Anayeivamia grili kwa teke atavunjika mguu yeye.

Mwaka 1977 nilikuwa bado najifunza randa, redio ikatangaza habari za ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kufikishwa Mogadishu. Usiku wa kuamkia Oktoba 18, kikosi cha polisi wa Ujerumani Magharibi kiitwacho GSG 9 kiliisogelea na ngazi kwa nyuma. Askari wa Kisomali wakawasha moto mbele ya ndege, watekaji wakakimbilia kutazama, na wakati huohuo milango ikafunguliwa, pamoja na ile ya dharura juu ya mabawa. Mateka wote 86 waliokuwa ndani walitoka hai. Rubani, maskini, alikwisha kuuawa Aden, Yemen, ndege ilipotua kabla ya kufika Mogadishu. Kikosi kile kiliundwa baada ya utekaji wa wanamichezo wa Israeli kwenye Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, polisi walipojaribu kuokoa mateka kwenye uwanja wa ndege bila maandalizi na mateka wote tisa wakafa. Miaka mitano ya mazoezi, kazi yenyewe dakika saba hivi.

Lakini mimi ninaloliwaza si Mogadishu. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alfajiri moja walikuja askari mtaani wakitafuta mtu, wakahesabu nyumba vibaya. Walivunja mlango wa bibi mmoja mjane, wajukuu wanne wamelala ukumbini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mtu wao alikuwa nyumba ya pili, akatoka kwa uani. Mimi ndiye niliyeitwa kuziba. Fremu ilikuwa ya mninga, imepasuka toka juu hadi chini, na yule bibi amekaa kwenye mkeka, kanga mkononi, ananiuliza, "Fundi, kwa nini hawakubisha hodi?" Sikumtoza hata senti. Mjukuu mmojawapo mpaka leo hulala na taa.

Ndiyo maana nilikuambia mngoje, mzungumze kwanza. Polisi wa New York tangu 1973 wana watu waliofundishwa mahususi kuongea na aliyeshika mateka, hata usiku kucha. Ukanijibu kwamba shuleni Columbine, mwaka 1999, polisi walingoja nje wakati watoto wanauawa ndani, ndipo Marekani ikabadili mafunzo: risasi zikiwa zinalia, askari wa kwanza kufika anaingia. Sina jibu la hapo. Siku mbili nimepiga randa nikilifikiria, nimeishia kuharibu ubao mzuri wa mtiki.

Ila pasipolia risasi, Zuhura, hesabu nyumba mara ya pili. Uliza jirani. Angalia viatu mlangoni: ndala ndogo zikiwa nyingi, kuna watoto.

Mama yako anakutumia soksi za pamba, anasema buti zenu zinachubua. Na ukija likizo usiusukume mlango wetu kwa bega kama ulivyozoea. Ulivimba kwa mvua za masika, nimeugeuza, sasa unavutwa.

Baba yako