Kiberiti kilikuwa mfukoni kabla ya ugomvi

Mhariri, asalaam aleikum wewe na wasomaji wako wote.

Naandika kujibu ile barua ya wiki iliyopita ya yule bwana alosema ati kuacha sigara ni nia tu, na mwenye kurudia ni mtu hana msimamo. Nimeisoma nikaweka gazeti kando nikaendelea na bajia zangu lakini imenikaa rohoni, kwa hivo leo nimeona nami niseme langu. Mimi sivuti. Lakini babangu alivuta, mume wangu avuta, na hapa Kisauni ninapouza viazi karai na bajia jioni, wateja wangu wengi hula huku sigara iko juu ya sikio yawangoja wamalize. Kwa hivo hii habari naijua kwa upande wangu.

Nia, ndugu yangu, hao watu wanayo. Tena kibao. Mtu aliyefunga Ramadhani nzima bila kuvuta kuanzia alfajiri hadi magharibi utamwambia hana nia? Masaa kumi na tatu na ushee, jua hili la Mombasa, na hata hagusi. Halafu adhana ikilia tu, tende moja, maji funda mbili, ashatoka nje kuwasha kabla hata uji haujapoa. Mie huwatazama nikashangaa, manake kazi ngumu ya siku ashaifanya. Lakini toka asubuhi akilini mwake alishajiwekea miadi na ile sigara ya magharibi, na mtu mwenye miadi haachi, asubiri tu. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Anayeacha sigara asipoangalia nia yake huigawa, nusu yaacha na nusu yapanga vile atakavyorudi, na hio nusu ya pili ina akili sana.

Nichukue mfano wa baba watoto wangu, na yeye ameniruhusu bora nisimtaje jina. Ni dereva wa tuktuk, huzunguka Kongowea na Nyali, amevuta toka ujana wake. Alipoamua kuacha aliacha kwa kishindo, akaapa mbele ya ndugu zake, akaniambia "hata nikikulilia usinipe pesa ya sigara". Siku za mwanzo nilimwonea huruma wallahi, manake arosto ya sigara, yale mateso ya mwili kudai ulichouzoesha, si mchezo, watu wadhani arosto ni ya unga wa kulevya peke yake. Usingizi hana, kichwa chamgonga, akikaa goti lacheza, akisimama hajui alisimamia nini, watoto wakicheka awakaripia. Dadangu ni muuguzi, akatukalisha akatueleza kwamba nikotini, ile dawa iliyo ndani ya tumbaku inayomfunga mtu, haikai damuni muda mrefu, kila baada ya masaa mawili hivi inapungua nusu, kwa hivo mwili waanza kuidai mapema na zile siku tatu za kwanza ndio moto wenyewe, kisha hupungua polepole mpaka wiki ya tatu au ya nne. Na ile hamu inayokuja ghafla, ile ya nisipovuta sasa hivi nitapasuka, ikimshika mtu ni dakika tatu, tano, yapita zake hata usipovuta. Sikuamini mpaka nilipomwona mwenyewe. Amesimama mlangoni ameshika kizingiti, jasho lamtiririka, akaomba maji akanywa glasi nzima taratibu, akatoka akaenda kuosha tuktuk ambayo asubuhi ile ile alishaiosha, na aliporudi ashatulia aniuliza chakula ni nini.

Kwa hivo hamu aliiweza. Ilomshinda ni chumvi.

Jioni moja alirudi, nimempikia samaki wa kupaka na wali, akavua shati kwa lile joto akalitundika kwenye kiti, akaonja akasema hauna chumvi. Nikamletea chumvi. Akasema siku hizi simjali. Nikanyamaza. Akaingia kwenye habari ya ndugu yangu aliyekopa pesa kwake mwaka uliopita na hajamlipa mpaka leo, hapo nami nikajibu, mimi pia binadamu, na nilipofungua mdomo tu akainuka kama aliyekuwa angoja kengele ya shule, "Waona? Wewe ndio wataka nivute!" Akavaa shati huyoo akatoka. Sasa mhariri, lile shati nilipolisogeza ili niweke sahani nilikuwa nishakiona kilichokuwa mfukoni. Kiberiti cha gesi, kipya, kibandiko cha bei bado kiko juu yake. Na jiko letu lajiwasha lenyewe, hatuna haja ya kiberiti humu ndani. Maana yake kile kiberiti kilinunuliwa mchana huko huko njiani, kabla mie sijampaa hata magamba huyo samaki. Ugomvi alikuja nao, ulikuwa watafuta tu pa kuanzia.

Alipotulia nilimwambia, akacheka kwa aibu, akasema wallahi hata yeye mwenyewe hakujua. Na mie namwamini! Hio hila mtu haifanyi makusudi kama mwizi. Anunua kiberiti "huenda abiria akauliza". Aweka sigara mbili kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti, ati ya dharura, halafu dharura yatokea siku hio hio. Apita kijiweni kusalimia tu, na kijiwe chenyewe ni cha muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, na kila mtu wa hapa ajua ukishashika handasi, ile stimu yake, sigara yaja yenyewe. (Mwaka 2024 gavana wetu alipopiga marufuku muguka na mambo yakafika mahakamani mji mzima ulikuwa wazozana, lakini mie sikusikia mtu kwenye baraza letu akiuliza habari ya sigara inayokwenda nayo.) Au ile nyingine, ameshakaa vizuri, hana shida, asema basi nijijaribu moja tu nione kama bado yanishika. Nani ajaribu sumu aliyokwisha iacha kuona kama bado ni sumu?

Kuna na ya kahawa, hii wengi hawaijui na mie nilijua kwa dadangu. Moshi wa sigara hulifanya ini limalize kahawa mwilini haraka. Ukiacha kuvuta, hio kasi yapungua, vikombe vile vile vya kahawa chungu ulivyozoea pale barazani sasa vyakaa damuni muda mrefu zaidi. Mtu atetemeka, moyo wamwenda mbio, usiku hapati usingizi, asema "waona, mwili wangu wahitaji sigara", kumbe ni kahawa. Mume wangu alipopunguza vikombe akaanza kulala. Alinuna, lakini akalala.

Halafu hizi chingamu za nikotini za kumsaidia mtu kuacha. Alizipata duka la dawa mjini, zipo za miligramu 2 na za miligramu 4, akaanza kuzitafuna kama zile tamu za watoto, mate yote ameza, kwikwi zamshika, tumbo lamwaka, siku ya pili akasema dawa hizi hazifanyi kazi nazo ni ghali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata habari njema. Dadangu akamuuliza umesoma karatasi ya ndani? Hakusoma. Chingamu hio watafuna polepole mpaka usikie inachoma kidogo, waiacha ikae kati ya shavu na fizi, ikipoa watafuna tena, hivo hivo kama nusu saa, na usiwe umekunywa kahawa wala soda muda mfupi kabla yake manake nikotini haitaingia vizuri mdomoni. Yapo na mabandiko ya kubandika ngozini asubuhi yatoa kidogo kidogo mchana kutwa. Vyote viwili viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na mwaka 2021 wakaongeza vidonge, bupropioni na vareniklini, ambavyo hivo lazima daktari. Kwa hivo wanaosema nia peke yake yatosha wajiulize dawa zote hizi zilitengenezwa za nini. Tafiti za miaka mingi zaonyesha wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, kwa jaribio moja, katika kila 100 wanaofika mwaka ni kama 3 mpaka 5. Hao 95 wote hawana msimamo?

Na pale mtu anapoteleza akavuta moja, ndio twamharibia zaidi na maneno haya ya msimamo. Sisemi moja si kitu, moja ni hatari, wengi wanaowasha moja hurudi kabisa. Lakini angalia wanavyorudi. Avuta moja, asikia aibu, aibu yamwambia wewe ushaharibu, na kwa kuwa ushaharibu basi malizia paketi, utaacha tena baada ya harusi ya fulani, baada ya Idi, mwaka ukianza. Kile alichokuwa akitafuta toka mwanzo ni ruhusa, na mtu akimwambia "si nilijua hutaweza" ashampa kwa mhuri. Siku ile mume wangu aliporudi ananuka moshi nilitaka kusema mengi wallahi, ulimi uliniwasha. Nikamuuliza tu zimebaki ngapi. Akatoa tatu, tukazilowesha kwenye maji ya vyombo, akala samaki wake wa baridi. Tangu hapo tuna mapatano, akianza kunitafutia maneno ya kuvunja nyumba baada ya kazi mie namwambia "mifuko kwanza", aitoa nje yote miwili mbele yangu, na mara nyingi twaishia kucheka. Mara nyingine anuna kweli kweli. Sasa hivi havuti. Sisemi ameacha, hapo sitii mdomo wangu.

Ameongeza kilo, ndio, wengi huongeza, kilo nne tano kwa mwaka ni kawaida. Suruali zipo za saizi zote Kongowea.

Nimalizie na wauzaji, manake hapa ndipo hila ya mtu hukutana na biashara ya mtu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yakataza kuuza sigara moja moja, paketi isiwe na chini ya sigara kumi, na yakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18. Sasa tembea kutoka Bamburi mpaka Mwembe Tayari uniambie umepita vibanda vingapi havina paketi iliyofunguliwa na kiberiti kimefungwa kamba pembeni. Mtu anayejaribu kuacha hanunui paketi, hapo roho itamsuta, lakini sarafu za sigara moja hazikosi, na ile moja ndio mlango. Mie hapa nilishawahi kuombwa na wateja niweke sigara kando ya karai ati nitapata faida, nikakataa, na kuna jirani yetu mmoja anayejaribu kuacha aliwaambia wenye vibanda vyote vya mtaa wasimuuzie yeye sigara hata awapigie magoti. Walikubali wote. Kesho yake alimtuma mwanawe wa darasa la nne, na mtoto akauziwa, akapita mbele yangu ameishika mkononi kama peni. Nilimsimamisha nikampa viazi viwili, sigara nikaitia kwenye moto wa jiko, na nikamwambia mwambie baba mama bajia ameichoma, akitaka aje mwenyewe. Hajaja.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Mtume mwandishi wenu aulize idara ya afya ya kaunti ni zahanati gani hapa Mombasa mtu akienda akasema nataka kuacha sigara atapewa mtu wa kuzungumza naye na dawa, au angalau aambiwe chingamu na mabandiko yapatikana wapi na kwa bei gani. Najua NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, lakini wengi wa wateja wangu hawajawahi kuisikia. Mkipata majibu yachapisheni, na mchape kwa herufi kubwa kidogo, mie hufungia bajia magazeti yenu na watu husoma wakila.

Mama Bajia,
Kisauni, Mombasa.