Gari la zamani likisumbua, pima kabla ya kununua spea

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Wengi wenye magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 wana desturi inayowamalizia fedha bure: kasoro ndogo ikijitokeza, wanakimbilia spea mpya. Taa zikififia inanunuliwa alteneta, gari likisita inatupwa kabureta. Mara nyingi kilichohitajika ni msasa, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na grisi kidogo.

Nianze na umeme, maana ndiko kero zilikojaa. Katika magari haya umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi, na bodi ya miaka 50 ina kutu, tena imepigwa rangi juu ya rangi. Washa indiketa kisha kanyaga breki. Taa za upande huo zikipepesa zote kwa pamoja, au zikafifia, usibadilishe balbu. Hiyo ni ethi mbovu, yaani muunganisho wa umeme na bodi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja iguse chuma cha kishikio cha balbu na nyingine iguse nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Aghalabu ni hasi, ila magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 hufunga chanya, kwa hiyo angalia kwanza. Taa zikiwa zinawaka, mita ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, kuna kizuizi njiani. Fungua skrubu ya ethi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, safisha pia kichwa cha waya, kaza, ndipo upake vaselini juu kuzuia kutu.

Usiusahau waya mnene unaounganisha injini na bodi. Ukikatika au ukilegea, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni kebo ya choki au ya aksilereta. Kebo ikipata moto kila unapopiga stata, umeshajua pa kutazama.

Wenye magari ya Kiingereza yenye geji za Smiths za aina ya polepole, ambazo mshale hupanda taratibu: geji ya petroli na ya joto zikipanda kupita kiasi kwa wakati mmoja, liacheni tenki na thamostati. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti volti kinachozipa zote mbili wastani wa volti 10. Kikikosa ethi, huziachia volti zote za betri. Safisheni pale kinapofungwa.

Sasa pointi, yaani vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) vinavyokutana na kuachana ili kutoa cheche. Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino cha pointi kikae kwenye kilele cha kemu (mhimili wenye pembe unaozisukuma), halafu pima nafasi kati ya pointi. Distribyuta nyingi za Lucas za silinda nne zinataka milimita 0.35 hadi 0.40. Futa fila geji kwanza, kwani mafuta yakibaki juu ya pointi yanaungua na kuziharibu. Kisigino kinapolika, nafasi hupungua na moto huchelewa, na gari linakuwa zito mlimani. Ndiyo maana nafasi huwekwa kwanza, taimingi (wakati wa moto) baadaye. Ukigeuza utaratibu huo utairudia kazi. Paka kemu grisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, basi. Ikizidi hurushwa mpaka kwenye pointi. Pointi zikiungua upesi kila mara, mshuku kondensa, kijikopo kilichounganishwa nazo kupunguza cheche. Kwa maoni yangu kondensa mpya nyingi za leo ni bahati nasibu, na ya zamani inayofanya kazi haifai kutupwa.

Kabureta za SU, aina ya Kiingereza yenye pistoni yake ndani ya kuba, husingiziwa sana. Gari likisita unapokanyaga mafuta ghafla, fungua kifuniko kidogo cha juu uangalie oili. Itakiwayo ni ya injini, namba 20, ifike milimita 12 hivi juu ya ncha ya fimbo yenye tundu. Ikikauka, pistoni hupanda haraka mno na mchanganyiko unakosa petroli. Kisha inua pistoni kwa kidole uiachie: ishuke yenyewe na kugonga "tak". Ikinata, vua kuba, safisha kwa petroli bila kutumia msasa, na irudishe kuba upande uleule.

Madirisha mazito hayataki oili, kwani huozesha mpira na kukusanya vumbi. Puliza silikoni kwenye reli.

Mshale wa spidomita ukichezacheza, tatizo kwa kawaida ni kebo. Vuta waya wa ndani wa kebo, ufute, uupake grisi nyepesi, lakini sentimita 20 za juu ziache kavu, la sivyo grisi itapanda na kuingia ndani ya spidomita yenyewe. Ukiurudisha, hakikisha kebo haikunjwi kwa kona kali: nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue sentimita 15.

Fundi wa magari ya zamani