Wanawake 250 Walimchangia Ida. Nasi Tuwachangie Vijana Wetu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Oktoba 5, 1892, wanawake weusi wapatao 250 walikutana ukumbini New York kumchangia Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kwao. Neno harambee hawakulijua, lakini shughuli ilikuwa hiyo hiyo. Waandaaji, akina Victoria Earle Matthews na Maritcha Lyons, walipamba jukwaa kwa taa za gesi zilizoandika "Iola", jina alilotumia gazetini. Zikapatikana takriban dola 500, wakamvisha na pini ya dhahabu yenye umbo la kalamu. Ida aliposimama kueleza yaliyompata, machozi yalimtoka mbele ya wote. Kwa fedha zile akachapa kijitabu chake kuhusu mauaji ya weusi mikononi mwa umati.

Tunawaandikia kuwaomba mfanye vivyo hivyo kwa vijana wa usharika wetu hapa Chicago.

Ida alizaliwa katika utumwa Holly Springs, Mississippi, Julai 16, 1862. Alipokuwa na miaka 16, homa ya manjano iliwachukua baba na mama. Alikataa wadogo zake wagawanywe kwa watu, akaingia kazi ya ualimu awalishe. Kufikia 1889 alikuwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti mjini Memphis; 1891 akapoteza ualimu kwa kuandika jinsi shule za watoto weusi zilivyotelekezwa.

Machi 1892 ndipo maisha yake yalipogeuka. Thomas Moss, tarishi wa posta, alikuwa na duka la vyakula pamoja na wenzake, na duka hilo lilimpunguzia wateja mzungu mmoja mwenye duka jirani. Ugomvi ukazuka, Moss akafungwa pamoja na Calvin McDowell na Will Stewart, kisha umati ukawatoa jela usiku na kuwapiga risasi. Moss alikuwa rafiki wa Ida, na Ida alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake. Hadi siku ile, Ida naye aliamini kwa kiasi fulani yale yaliyosemwa, kwamba wanaouawa hivyo huwa wamebaka. Moss hakuwa amembaka mtu. Basi akaanza kuuliza: na wale wengine je?

Hapa ndipo ninapompenda kuliko popote. Alikwenda mahali palipotokea mauaji, akahoji watu, akakusanya magazeti. Hesabu ya waliouawa aliichukua kutoka Chicago Tribune, gazeti la wazungu, ili pasiwe na wa kusema ametia chumvi. Akakuta kwamba waliotuhumiwa ubakaji ni theluthi moja tu. Mei mwaka ule ule, baada ya tahariri yake kuhusu tuhuma hizo, umati ulivunja ofisi ya gazeti. Yeye alikuwa safarini, akapata salamu kwamba akirudi atauawa.

Baadaye akahamia mji huu wetu. Hapa aliolewa 1895, hapa alilea watoto wake, na hapa alizikwa 1931. Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ilimfikia 2020, miaka 89 baada ya kifo chake. Wengi wetu tunaipita barabara ya Ida B. Wells Drive tukienda kazini. Mimi niliipita muda mrefu bila kuuliza huyu mama ni nani.

Vijana wetu 11, wengi wao wasichana, wameanza jarida la Kiswahili. Mmoja wao, mwenye miaka 14, aliwahoji wazee wetu wanaokwenda kutibiwa wakakosa mkalimani, wakatoka bila kuelewa dawa waliyopewa. Alirekodi kwa simu ya mama yake. Simu ikajaa, nusu ya mahojiano ikapotea. Alilia sana, nami sikuwa na kifaa cha kumpa.

Tunahitaji dola 6,000. Dola 1,400 ni za vinasa sauti vinne na kamera moja, 2,800 za kuchapa matoleo manne, na zinazobaki ni posho ya mwandishi mzoefu atakayewafundisha kuhoji na kuhakiki habari. Ukiwa na kompyuta ndogo nzima usiyoitumia, hiyo pia tutaipokea kwa shukrani.

Harambee ni Julai 16, siku aliyozaliwa Ida. Asubuhi vijana watakwenda mtaa wa Bronzeville kuona mnara wake uliozinduliwa 2021, nao ulijengwa kwa michango ya watu. Jioni tutakutana ukumbini. Asiyeweza kufika amkabidhi mtunza hazina bahasha baada ya ibada na achukue risiti. Hesabu zote zitasomwa mbele ya usharika.

Habari ya wazee na mkalimani ndiyo itakayokaa ukurasa wa kwanza. Binti amekwisha kuanza kuwahoji upya, safari hii kwa daftari na kalamu.

Kamati ya harambee, kwa niaba ya vijana