Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Feraiti za Maikrowevu kwa Gharama Tunayoimudu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya kazi za mwaka huu, ambazo kwa sehemu kubwa zilihusu feraiti, yaani vidonge vya kauri yenye sumaku vinavyokaa ndani ya sakyuleta na aisoleta (vifaa vinavyoyaruhusu mawimbi ya maikrowevu kupita kwa mwelekeo mmoja tu) za mitambo ya mawasiliano, na ambavyo mafundi wetu hapa Arusha hulazimika kuviagiza kutoka nje kila kimoja kinapopasuka.

Garneti ya itiriamu na chuma, aina mojawapo ya kauri hizo iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1956, husifiwa kwa kupoteza nguvu kidogo mno ya mawimbi. Hata hivyo, itiriamu ni metali ghali, na garneti hiyo haiivi vizuri bila joto la nyuzi 1,400 za Selsiasi hivi, ambalo tanuri za wafinyanzi wetu hazilifikii. Kwa hiyo kamati iliamua tuanze na feraiti ya lithiamu, ambayo ikitiwa oksidi ya bismuthi kidogo huiva kwenye nyuzi 1,000 hivi, kabla lithiamu haijaanza kupotea kwa mvuke. Upotevu wake wa mawimbi ni mkubwa kuliko wa garneti, na mteja ana haki ya kuelezwa hivyo, lakini kwa kazi nyingi za matengenezo naona inatosha kabisa.

Oksidi ya chuma ni ya bei nafuu. Kinachokula fedha ni kusawazisha kidonge kwa jiwe la almasi baada ya kuchomwa, maana kauri hii ni ngumu na humeguka kingo. Kipenyo husinyaa kwa asilimia 15 hadi 20 tanurini, hivyo kalibu ichongwe kwa kuhesabu upungufu huo. Katika majaribio ya karakana ya Ngarenaro, unga ulioshindiliwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine ulitoa vidonge vilivyopinda kama kifuniko cha chupa, na hivyo havikufaa hata kusawazishwa kwa jiwe la almasi.

Wanaosaga unga kwa kinu cha gololi za chuma wazingatie kwamba gololi hulika na kuongeza chuma katika mchanganyiko. Chuma kikizidi, kauri huanza kupitisha umeme na mawimbi hupotea humo, kwa hiyo unga upimwe tangu mwanzo ukiwa na upungufu kidogo wa chuma.

Kilichokwamisha kazi zaidi ni joto lisilotabirika, kwani gundi inayoshikilia unga isipoungua polepole, kidonge hutoka na nyufa. Kamati inapendekeza tununue tanuri dogo la umeme lenye kidhibiti joto, na mweka hazina atawasilisha hoja hiyo, pamoja na makadirio yake, mara baada ya taarifa hii.