Chawa wa samaki: tumieni mbao, si dawa ya kupe

Mhariri,

Tunawasihi wafugaji wa perege waache kumwaga dawa ya kupe bwawani. Nyingi ya dawa hizo ni sumu kali kwa samaki wenyewe, na mayai ya chawa hubaki salama.

Chawa huyu ni bapa kama dengu, ana macho mawili meusi, na ukimgusa huteleza juu ya magamba. Udhaifu wake ni huu: jike humwacha samaki akatage mayai kwenye kitu kigumu. Basi mtegeeni hapo. Ning'inizeni mbao zisizopakwa rangi, za sentimita 30 kwa 60, nusu mita chini ya maji. Kwanza ondoeni mawe na nguzo zisizo na kazi, la sivyo atataga huko.

Kila baada ya siku 5 hadi 7 inueni mbao. Mtaona mistari ya mayai yaliyogandishwa kwa ute. Yakwangueni mbali na bwawa, kisha anikeni mbao juani hadi zikauke kabisa. Msichelewe: maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa kwa takriban wiki 2, na ubao uliosahauliwa mwezi mzima ni kiota cha chawa.

Vifaranga wapya wakagueni mmoja mmoja kabla ya kuwaingiza. Chawa mmtoe kwa kibano. Na mkishavua wote, kausheni bwawa mpaka tope lipasuke.

Wafugaji wa samaki,
Morogoro