Wasifute kipindi cha kuchora

Kaka, mambo? Huku Mwanza tupo, mvua zinapiga na ziwa limechafuka siku hizi.

Nimesoma meseji yako, eti hapo chuoni wanataka kufuta kipindi cha kuchora kwa wanafunzi wa grafiki, kisa kila kitu sa hivi kompyuta. Kaka, usikubali.

Juzi nimewapeleka wanafunzi wangu mwalo wa Kirumba, kazi ilikuwa logo ya duka la samaki, na karibu wote walishashusha samaki mtandaoni, yule mwenye mkia wa panda, chini wameandika SANGARA. Sasa sangara gani ana mkia wa panda, wake si umeviringa? Nikasema laptop zibaki, shikeni penseli. Binti mmoja akachora harakaharaka akasema tayari mwalimu, nikamwambia hebu uangalie tena mdomo, ndo akaona taya la chini limetokeza kuliko la juu, afu mgongoni mapezi kama mawili hivi, la mbele miiba mitupu, wakati sato analo moja refu. Akarudia weee, kila akirudia anapunguza mistari, mwisho zikabaki taya, miiba na mkia basi. Iweke hata ubavuni mwa daladala inayokimbia, mtu wa Mwanza atajua huyo sangara. Yaani nilifurahi mno!

Hao wakubwa wenu wanadhani tunatafuta wasanii. Mi nawaambiaga wangu maksi hazipo kwenye uzuri wa mchoro, naangalia mchoro wa kwanza na wa mwisho imepishana nini, so hata asiye na mkono mzuri anafaulu vizuri tu. Na penseli ina spidi, nusu saa mtu ana mawazo kumi na mbili mezani, ila ukimkalisha kwenye Illustrator, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, analing'ang'ania la kwanza anahangaika na rangi tu.

Kwenye kikao wakumbushe Bauhaus, ile shule ya sanaa na ubunifu kule Ujerumani, 1919 hiyo, Johannes Itten alikuwa anaanza na wanafunzi wapya kwa kuchora na kushika mbao, vitambaa, kabla hawajaingia karakana. Na ile logo ya I love New York ya moyo mwekundu, Milton Glaser aliichora na krayoni kwenye bahasha akiwa ndani ya teksi, 1976.

Wakikaza sana omba hata muhula wa kwanza tu. Ntakutumia picha za michoro ya Kirumba, ya kwanza na ya mwisho pamoja, uwaonyeshe.

Msalimie shemeji.