Uanze na lugha ipi

Salim ndugu yangu,

Hongera kwa kupata nafasi ya masomo ya Kiyahudi, nimefurahi mno. Umeuliza uanze na lugha ipi. Anza na Kiebrania cha Biblia, hata kama mihadhara ya historia ndiyo inayokuvuta.

Herufi ni 22, tano hubadili umbo mwishoni mwa neno. Hizo utazishika upesi ukiziandika kwa mkono kila siku. Kinachowatoa watu jasho ni kamusi, maana vitenzi hupangwa humo kwa herufi za mzizi. Unakutana na vayomer, yaani "akasema", unatafuta penye herufi vav, hupati kitu. Vua vav ya kuunganisha, vua yod ya nafsi, zibaki alef, mem na resh: hapo ndipo kitenzi kilipo. Kwa Kiarabu ulichosoma madrasa, kazi hii si ngeni kwako.

Kiaramu kifuate, maana ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya Talmud ya Babeli, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi. Katikati ya ukurasa utaona Mishna, yaani sheria zenyewe, na Gemara, yaani mjadala juu yake. Upande wa mshono wa kitabu, maelezo ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa nje, Tosafot, maelezo ya wanachuoni waliomfuata Rashi. Matini kuu haina irabu wala alama ya kuuliza, kwa hiyo mgeni husoma swali akidhani ni hukumu. Chukua penseli, kila sentensi iandikie pembeni: swali, jibu, ushahidi, pingamizi. Ukiona ta shema, "njoo usikie", ujue ushahidi unaletwa. Usipande ukurasa wa pili kabla hujamaliza hivyo wa kwanza.

Kwa tasnifu, nakusihi ufikirie Kiarabu cha Wayahudi, kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Musa bin Maimun, mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi, aliandika falsafa yake hivyo. Katika hati zilizotoka sinagogi la Ben Ezra, Fustat (Kairo ya kale), nyingi sasa zikiwa Cambridge, zimo barua za wafanyabiashara wa Aden na India. Watu wengi husomeshwa Wayahudi wa Ulaya tu, na bahari yetu hii inasahaulika. Tahadhari moja: nukta za kutofautisha herufi zikiachwa, herufi gimel yaweza kuwa jimu au ghaini, kaf yaweza kuwa kafu au kha. Jaribu zote mbili kabla hujalaumu mwandishi.

Sasa iulize idara kama Kiaramu hufundishwa kila mwaka. Kama ni mwaka mmoja mmoja kwa kuruka, jiandikishe mara ya kwanza kinapotolewa, somo jingine lisubiri.

Wasalimie nyumbani.